Karatasi Saba na Umri wa Umuhire

Jumatatu, 20 Septemba 1999

Mvua imeanza. Nimenunua daftari hili kwa sababu muhula umeanza, na mwalimu mjane asipozungumza na daftari atazungumza na ukuta. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichosomea kule Karagwe, tulikozaliwa sisi watoto wa wakimbizi. Kinyarwanda changu bado kinawachekesha wanafunzi. Hapa Mbugangari, mjini Gisenyi, mtaa mzima unasema Kiswahili, ingawa si hiki changu. Mama Libérata, mwenye nyumba, ananiambia nasema kama redio.

Jumatano, 22 Septemba

Bati linavuja juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda.

Jumamosi, 25 Septemba

Mama Libérata anauza karanga sokoni, na Jumamosi hunipa za bure, eti ili nisimkumbushe habari za bati. Leo nilizimwaga mezani, nikabaki nimeshika karatasi aliyozifungia. Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya wino, mzuri, wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo. Jina la mtoto, majina ya wazazi, kisha wasimamizi wa ubatizo, baba na mama. Watoto kumi na wawili. Ni ukurasa wa kitabu cha ubatizo.

"Mwalimu, unasoma karatasi ama unakula karanga? Chagula!"

Nikamuuliza ameipata wapi.

"Mi nilinunua ku kilo, mwaka jana, kwa mwanaume mumoja wa soko. Ilikuwa mingi. Batu bamekula karanga, bametupa. Mi sijue kusoma, Mwalimu. Kwangu karatasi ni karatasi."

Zilizobaki, pamoja na hii, ni saba. Nimempa magazeti yangu yote ya mwaka mzima kama badala, naye amefurahi kwa sababu magazeti ni mapana. Karatasi zilichanwa vibaya: kipande cha kushoto, chenye namba na tarehe, kilibaki kwenye uzi wa kitabu, na kitabu hakijulikani kilipo tangu miaka ile ya vurugu. Kwa hiyo nina watoto themanini na wanne wasio na siku.

Jumapili, 26 Septemba

Baada ya misa nilimpelekea Anastase, karani wa parokia. Ni mtu mwembamba anayependa mhuri wake kuliko chakula. Alizigeuza geuza, akanirudishia.

"Hazina tarehe, hazina namba. Nitaziandikisha kama nini, Mwalimu? Weka kwako kwanza."

Nikaondoka nimekasirika. Nimeziita kwa harufu na madoa yake, maana lazima ziwe na majina: Karanga, Sabuni, Mandazi, Sambaza, Chumvi, Kitunguu, Tumbaku. Ile ya Sambaza bado ina magamba ya vile visamaki vya ziwani.

Alhamisi, 30 Septemba

Mvua. Nimesahihisha madaftari arobaini na sita. Ni watatu tu wanaojua kugawanya.

Jumatatu, 4 Oktoba

Leo amekuja shuleni dada wa mwanafunzi wangu Keza. Anaitwa Umuhire, anatoka Rugerero, na kila siku huvuka mpaka na kabichi kichwani kwenda kuuza Goma. Miguu ilikuwa na tope hadi magotini. Alikataa kiti asije akakichafua.

Habari yake ni hii. Baba yao alifia kambini Mugunga, kando ya Goma, mama amefariki mwaka jana kwa homa. Wamebaki watatu: yeye, Keza wa miaka kumi na mitatu, na Ishimwe wa saba, binti mdogo. Umuhire amewalea mwaka na nusu. Sasa baba yao mdogo, Théogène, ameitisha baraza la familia, Jumamosi ya tarehe 13 Novemba. Anataka Keza aende kwa shangazi Goma na Ishimwe akae kwake. Hoja yake ni moja: sheria inataka mlezi awe ametimiza miaka ishirini na mmoja, na Umuhire hana karatasi hata moja ya kuonyesha umri wake.

"We unajua mwenyewe una miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Ku hesabu ya mama niko na ishirini na moja. Baba mudogo anasema kumi na tisa. Mi nilizaliwa Goma, Mwalimu, baba alikuwa anatumika kule. Tulirudi huku nikiwa nakimbia tayari. Hakuna jirani hata mumoja aliniona nikiwa mutoto muchanga. Alafu huyu Théogène mwenyewe alikuwa Masisi miaka ile, anarudi ku sikukuu tu."

"Ulibatizwa wapi?"

"Huku Gisenyi. Baba alinileta kwa miguu."

Nikazikumbuka zile karatasi saba. Nikakimbia nyumbani saa ya mapumziko, na mvua ile, nikazipekua. Yupo. Karatasi ya Sabuni, mstari wa nne: Umuhire, mwana wa Bimenyimana na Joanita, wazazi wale wale walioandikwa kwa Keza kwenye orodha yangu ya darasa. Hana tarehe, kama wenzake wote.

Nimemwahidi kwamba nitamtafutia siku yake. Huyo Théogène simjui, lakini namwona kama mwewe anayezunguka vifaranga.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimezunguka mtaani na majina themanini na wanne. Wengi hawapo. Wengine wapo lakini hawajui mwaka waliozaliwa, au kadi zao zilipotea wakikimbia. Mmoja tu ana kadi: Épiphanie, anayeuza kwenye duka la dawa karibu na stendi. Yumo katika Mandazi. Kadi yake inasema amebatizwa tarehe 12 Novemba 1978.

Nilikaa kwenye ngazi ya duka la dawa nikacheka peke yangu. Baraza ni tarehe 13 Novemba 1999. Ikiwa Sabuni iliandikwa kabla ya Mandazi, basi siku ya baraza Umuhire ana miaka ishirini na mmoja kamili, hata kama alibatizwa siku aliyozaliwa. Ikiwa iliandikwa baada, sina la kuthibitisha. Kwa hiyo sihitaji tarehe. Nahitaji mpangilio tu, nini kilitangulia nini.

Jumapili, 10 Oktoba

Siku nzima mvua, na mimi mezani. Naandika nilivyofanya ili nisije nikajidanganya baadaye.

Karatasi zilizoandikwa karibu karibu lazima zifanane, kwa sababu watu wanaosimamia watoto ni wale wale. Katekista mmoja, mke wa mwalimu fulani, fundi fulani. Wanaonekana mwaka huu na mwaka ujao, kisha wanazeeka, wanahama, wanakuja wengine. Basi nimechora jedwali la mraba, karatasi saba kwenda chini na zile zile saba kwenda kulia. Pale Karanga inapokutana na Mandazi naandika idadi ya wasimamizi waliotokea kwenye zote mbili. Hivyo hivyo kwa kila jozi.

Mwanzoni ni fujo ya namba, kubwa na ndogo zimechanganyika. Lakini mtu akiusogeza mpangilio wa majina, namba nazo zinasogea. Mpangilio ulio sawa unajulikana kwa macho: namba kubwa zinajipanga kando ya ulalo, ule mstari wa kutoka pembe hadi pembe, na kila ukiuacha ulalo zinapungua. Zikishapungua hazipandi tena. Zikipanda, umekosea mahali.

Karatasi saba zinaweza kupangwa kwa njia elfu tano na arobaini. Nimejiambia haraka haraka haina baraka, nikapika chai.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimegundua si lazima kujaribu zote. Unatafuta kwanza karatasi ya pembeni kabisa, ile yenye ndugu wachache. Chumvi haina mtu hata mmoja wa pamoja na Tumbaku. Basi Chumvi huku, Tumbaku kule, na nyingine zinaingia katikati: Karanga, Mandazi, Sambaza, Kitunguu. Zimelala kwenye jedwali bila ubishi. Sabuni nimeiacha ya mwisho.

Ila kuna jambo la aibu. Mpangilio huu ukiusoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, namba zinakaa vizuri vile vile. Jedwali linasema nani anakaa na nani, halisemi nani alitangulia. Sijui kama Chumvi ndiyo ya kale au Tumbaku.

Jumanne, 12 Oktoba

Mama Libérata alikuwa anamenya karanga mlangoni kwangu, maana kwake kunavuja zaidi. Nikawa namsomea majina ya karatasi ya Karanga, nikitumaini atamjua mtu mwenye umri unaofahamika. Nilipofika mstari wa tisa, "Ntwali, mwana wa Gratien na Libérata," mikono yake ikasimama.

"Rudilia."

Nikarudia.

"Ile ni mutoto yangu. Mana we! Nilikuwa nafungia batu karanga mu jina ya mutoto yangu?"

Ntwali alivuka kwenda Masisi mwaka wa tisini na sita na hajaleta habari. Mwaka mzima nakaa nyumba hii na sikujua, kwa sababu sikuuliza. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitenge, akaendelea kumenya. Mimi nilisita, kisha nikamuuliza, kati ya Ntwali na Épiphanie wa duka la dawa, mkubwa ni nani.

"Ntwali! Ule mutoto wa pharmacie alimukuta Ntwali anatembea. Ntwali alikuwa anamunyang'anya muhogo. Kila mutu anajua."

Kumbe kila mtu anajua. Basi Karanga ilitangulia Mandazi, Chumvi ndiyo ya kale, na Tumbaku ndiyo ya mwisho.

Ijumaa, 15 Oktoba

Sabuni inakataa.

Ina watu wanne wa pamoja na Karanga na wanne wa pamoja na Mandazi, kana kwamba inakaa katikati yao. Vizuri, ningefurahi. Lakini ina watu sita wa pamoja na Tumbaku, kule mwisho kabisa. Nikiiweka katikati ya Karanga na Mandazi, mstari wake unashuka vizuri hadi kwenye moja, kisha ghafla unapanda hadi sita. Nikiipeleka kando ya Tumbaku, inavuruga huku mwanzo. Nimejaribu kila nafasi. Hakuna inayotosha.

Jumapili, 17 Oktoba

Nimeamua kwa namba kubwa. Sita ni zaidi ya nne. Sabuni inakaa na Tumbaku, baada ya Mandazi, mbali sana baada yake. Maana yake Umuhire ana miaka kumi na tisa, labda ishirini.

Nilikwenda Rugerero mwenyewe kumwambia. Walikuwa wanakula viazi. Nyumba ni safi, madaftari ya Keza yametundikwa kwa kamba yasiguswe na maji. Umuhire alinisikiliza amesimama.

"Donc Mwalimu, mwaka na nusu nilikuwa nalisha nani? Nilikuwa na miaka ya kubeba kabichi, sina miaka ya kulea?"

Nikaaga. Ishimwe aliniuliza kama kwa baba mdogo kuna paka. Nilirudi kwa miguu nikiwa nimeloa, na nilijichukia.

Jumatano, 20 Oktoba

Mvua. Mtihani wa majaribio. Keza ameandika jina lake tu kwenye karatasi, akairudisha.

Jumapili, 24 Oktoba

Baada ya misa nimeonyeshwa Théogène. Nilitarajia mtu mnene. Ni mzee mrefu aliyekondeana, kofia mkononi, alikaa benchi la nyuma peke yake. Mama Libérata ameniambia kipindupindu cha Mugunga kilimchukulia mke na watoto wawili ndani ya juma moja.

"Iko na nyumba ya byumba bine," akasema, "na iko analala mu kimoya."

Sikulijua hilo tarehe 4. Neno mwewe nimelikata, ingawa bado linasomeka.

Alhamisi, 28 Oktoba

Hili la leo nataka kuliandika taratibu.

Saa tisa alasiri, mvua inapiga bati hadi husikii sauti yako, mtu akabisha hodi. Alikuwa Théogène. Nilidhani amekuja kunionya nisiingilie mambo ya ukoo wake, nikajiandaa kwa maneno makali.

"Mwalimu, mi sikuje kugombana," akasema. "Nasikia uko na karatasi iko na jina ya kaka yangu. Kwangu hakuna hata picha yake. Unisomee tu."

Nikamkalisha, nikampa chai, nikaitoa Sabuni. Nilisoma mstari wa nne. Alifumba macho. Akasema, "Soma yote." Nikasoma kutoka juu, watoto, wazazi, wasimamizi. Nilipofika kwa wasimamizi alianza kutabasamu, na nilipotaja jina la Wivine akajipiga goti kwa kiganja.

"Wivine! Wivine wa nguo ya manjano! Iko na viatu vya kupiga kelele mbaka padri anangojea akae. Na Fulgence iko? Na Léocadie?"

Wapo, nikamwambia. Na Sylvestre, na Aloys, na Dorothée.

"Bale bote ni batu ba Birere, kule Goma. Balikuwa banakuja siku ya Pasaka, mu camionnette moja, na byakula byabo. Mi njo nilikuwa nabeba bitunga. Kijana wa nguvu, mi!"

"Walikuwa wanakuja Pasaka na siku gani nyingine?"

"Pasaka tu. Kila Pasaka. Mutu mumoja anasimamia batoto watatu, bane, juu iko na appareil, anapiga mutoto picha. Ba mama ba hapa balikuwa banabagombania. Misa inaisha, banakula, banarudi kwabo. Siku ingine haubapate hata kwa dawa."

Nikaweka kikombe chini. Majina sita aliyoyacheka ndiyo yale yale sita yanayoifunga Sabuni na Tumbaku. Mimi mtoto wa Karagwe nilidhani kila anayesimamia mtoto ni mtu wa parokia, anayeonekana Jumapili baada ya Jumapili hadi ahame au afe. Hapa mpakani sivyo. Watu wale walikuja kwa sikukuu. Karatasi mbili zenye majina yao hazikuandikwa mwaka mmoja. Ziliandikwa siku ya Pasaka, kila moja na Pasaka yake.

Nilichukua kalamu na kuyafuta majina yale sita kwenye hesabu, mbele yake. Sabuni na Tumbaku: sufuri. Mstari wa Sabuni, kuanzia Chumvi: mbili, nne, nafasi yake mwenyewe, nne, mbili, moja, sufuri. Inapanda hadi kwake, kisha inashuka na haipandi tena. Imekaa katikati ya Karanga na Mandazi kana kwamba haikuwahi kubishana na mtu.

Uso wangu ulinisaliti. Alitazama jedwali, asijue kulisoma, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu. Ile maneno nimesema, inabadilisha kitu?"

Ningeweza kusema hapana. Nimelifikiria hilo baadaye.

"Inabadilisha yote, Mzee. Karatasi hii ni ya Pasaka, na ni kabla ya Novemba ya sabini na nane. Umuhire ametimiza miaka. Siku ya Pasaka ile unaikumbuka? Ulimwona kaka yako?"

"Pasaka zote ni moja mu kichwa yangu," akasema polepole. "Nilikuwa naangalia bitunga."

Hakugusa chai tena. Alisimama, akavaa kofia, akasema asante, akatoka kwenye mvua ile ile. Nilimwita achukue mwavuli, hakugeuka.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimehesabu upya mara tatu. Ni kweli.

Jumapili, 31 Oktoba

Anastase alilisikiliza jedwali langu hadi mwisho, na lazima niseme alilielewa kuliko nilivyotarajia. Alifuata namba kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Nilikuwa nimemdharau bure. Kisha akasema:

"Bon. Namba ni nzuri. Lakini unafuta majina sita, Mwalimu. Kwa neno la nani? Wewe ulikuwa Karagwe. Mimi nilikuwa mtoto. Mtu akikuuliza kwa nini hao sita na si wengine, utajibu nini? Leta mtu aliyekuwapo, aseme mbele ya baraza kwamba hawa ni watu wa Goma waliokuja Pasaka tu. Hapo nitapiga mhuri."

Nimemuuliza Mama Libérata. Anaukumbuka umati wa Goma siku za Pasaka, na ndiyo maana yeye alimpeleka Ntwali Jumapili ya kawaida, kukwepa msongamano. Majina hayajui. Alikuwa anatoka mlimani na mtoto mgongoni, hakuwa na nafasi ya kutazama viatu vya watu.

Kwa hiyo mtu wa kusema ni mmoja tu, na ndiye yule anayemtaka Ishimwe.

Jumatatu, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nilipanda Rugerero nikamweleza Umuhire kila kitu, pamoja na kosa langu. Sikutaka apate furaha ya pili ya uongo.

"Data wacu hatasema," akajibu, akimaanisha baba mdogo. "Mi namujua. Kila jioni anapita apa, anasimama ku mulango, anaangalia Ishimwe akicheza. Haombe hata maji. Ningekuwa yeye, mi pia singesema."

Nilimuuliza kama anamchukia. Alisema hana nguvu ya kuchukia mtu akishashusha kabichi.

Jumatano, 3 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 5 Novemba

Mvua. Nimekwenda kwa Théogène, mlango umefungwa. Jirani anasema yuko shambani. Kwenye mvua hii?

Jumatatu, 8 Novemba

Nimekwenda tena. Yuko shambani.

Jumatano, 10 Novemba

Leo jua, saa mbili nzima. Mtaa wote umeanika nguo. Mama Libérata sasa anafungia karanga kwenye majani ya mgomba, eti magazeti nayo yana majina ya watoto wa watu.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimelichora jedwali kwenye karatasi kubwa ya manila, kwa rangi mbili. Ni zuri. Sina amani.

Jumamosi, 13 Novemba

Baraza lilikaa sebuleni kwa Umuhire, kwa sababu nje ilikuwa mvua. Wazee watano wa ukoo, shangazi kutoka Goma, Anastase na mhuri wake mfukoni, mjumbe wa sekta, yaani wa serikali ya mtaa, wa kuandika, na mimi. Théogène alikaa karibu na mlango. Keza na Ishimwe waliambiwa waende jikoni, wakaenda, wakasimama nyuma ya pazia.

Nililitundika jedwali langu ukutani, nikaeleza. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza, mzee aliyeongoza alinishukuru kwa adabu kubwa na kusema hajaelewa kitu.

"Namba, namba," akasema. "Mwalimu anasema majina sita iondoke. Kama yakibaki?"

"Yakibaki, Mzee, siwezi kusema chochote kuhusu umri wake."

"Na nani anajua hao batu?"

Wazee walitikisa vichwa. Shangazi alisema yeye aliolewa Goma baadaye, hawajui. Nilitazama sakafu. Niliona nikimtazama Théogène nitakuwa namlazimisha, na jambo hili halikuwa la kulazimishwa.

Tukasikia benchi likilia. Alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mi nabajua," akasema.

Akawahesabu kwa vidole, mmoja mmoja. Wivine, na nguo yake. Fulgence aliyekuwa na duka la baiskeli Birere. Léocadie mke wake. Sylvestre, Aloys, Dorothée. Akaeleza lile gari dogo la camionnette, vitunga, kamera, na kwamba nje ya Pasaka hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga kanisa lile. Alisema bila haraka, kama mtu anayetua mzigo asiuvunje. Anastase akamuuliza kama ana hakika. Akasema anaweza kuapa.

Mzee aliyeongoza alimgeukia.

"Théogène, we njo ulituita apa. Unajua maneno yako inakufanya nini?"

"Najua."

"Basi juu ya nini unasema?"

Alizungusha kofia mkononi.

"Kaka yangu alimubeba huyu mutoto kwa miguu kutoka Goma, aandikwe. Hana kaburi, yule kaka. Hana picha. Iko na ule mustari mumoja tu. Nikinyamaza, nitakuwa nimemufuta mi mwenyewe."

Akakaa. Sikuona aibu kufuta machozi, na wala sikuwa peke yangu. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wazee, na hawakuchukua hata robo saa. Anastase alipiga mhuri kwenye maelezo yangu. Alipiga mara mbili, moja ya ziada. Mjumbe akaandika kwamba Umuhire, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, ndiye mlezi wa wadogo zake, wanabaki nyumbani kwao. Umuhire akaweka sahihi. Akairudisha kalamu kwa mikono miwili.

Kisha mjumbe akasema sheria inataka mtu wa pili, wa kumwangalia mlezi asiharibu. Amtaje nani? Wazee wakaanza kutaja majina, mjomba fulani wa Gitarama, fulani wa Kibuye.

"Andika Théogène," akasema Umuhire.

Théogène akainua kichwa. "Mi? Mi niliita conseil juu yako."

"Leo mu hii nyumba we njo umesema ukweli ulikuumiza. Nitatafuta mwingine wapi?"

Mjumbe aliandika. Nilidhani imekwisha, nikaanza kubandua jedwali langu ukutani. Wazee walikuwa wanatafuta miavuli. Théogène alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, na alikuwa anavaa kofia yake kwa namna ya mtu anayerudi kwenye vyumba vinne.

"Data wacu," Umuhire akamwita. "Ngoja. Ishimwe, lete nguo yako ya kulala."

Ishimwe akatoka nyuma ya pazia amekodoa macho. Shangazi akashtuka, akauliza sasa baraza lilikuwa la nini, mtoto si amebaki hapa?

"Amebaki apa," akasema Umuhire. "Masomo, chakula, kitanda, apa. Lakini Jumamosi analala kwa baba mudogo, Jumapili banakuja misa pamoja, kiisha anarudi. Mi njo nasema."

Alinyanyua kidevu, akatutazama wote kwa zamu, wazee, shangazi, karani na mimi, akingoja wa kumbishia. Mzee aliyeongoza akachukua mwavuli wake. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Théogène alipiga goti moja pale mlangoni, matone yanamwangukia shingoni, ili Ishimwe apande mgongoni.